Kompyuta kuukuu kuwa ghala la faili Bukavu: hesabu inaanzia kwenye umeme

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zisizoweza kupokea Windows 11 zimepata jina baya. Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, kompyuta haitupwi kwa sababu hiyo. Hupewa mpwa anayesoma, huuzwa kwa fundi kama vipuri, au hubaki chini ya meza. Vijana wa informatiki wana pendekezo la nne: ifute, uiwekee Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, uing'oe skrini na kibodi, uichomeke kwenye ruta, iwe seva ya faili ya nyumba nzima, yaani ghala ambalo kila mtu anachukua na kuweka faili.

Hoja yao yenye uzito zaidi ni mega, yaani data ya intaneti tunayolipia. Picha za harusi zikipandishwa mtandaoni na mtu mmoja, kisha zikashushwa na watatu wanaolala nyumba hiyo hiyo, mzigo mmoja umelipiwa mara nne. Seva ikiwa ndani, faili hupita kwenye waifai au kebo bila kugusa intaneti; kifurushi kikiisha, kazi inaendelea. Samba, programu ya bure ambayo Andrew Tridgell aliitoa kwa mara ya kwanza Australia mwaka 1992, huifanya mashine ya Linux ionekane kwenye Windows kama folda ya kawaida, na simu za Android huifikia pia kwa programu za kusimamia faili. Fikiria sekretaria za kuchapa na kunakili zilizo karibu na vyuo vyetu, msimu wa wanafunzi kuweka kazi za mwisho. Flashi moja huzunguka kompyuta zote za chumba na kukusanya virusi vya kila moja. Folda moja ya pamoja ingepunguza sana safari hizo za flashi.

Nguvu ya mashine si tatizo. Kugawa faili hakuichoshi prosesa ya mwaka 2010, na RAM ya gigabaiti 2 inatosha. Angalia tu prosesa isiwe ya aina ya zamani ya biti 32, kwa kuwa Debian 13, toleo la Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Sasa umeme. Kompyuta ya mezani ya zamani, hata ikiwa haifanyi kitu, inaweza kula wati 60. Kwa saa 24 hiyo ni karibu kilowati-saa 1.4, na kwa mwezi ni 43. Laptopu inayokula wati 15 itamaliza mwezi kwa 11 hivi. Kuondoa skrini hakubadilishi sana hesabu hii, maana skrini ungeizima hata hivyo. Kunakupa nafasi mezani tu.

Na umeme wenyewe tunaujua. Mji unategemea mto Ruzizi, ambako takataka za plastiki kutoka ziwani huja kuziba mitambo ya bwawa. Jioni, watu wakiwasha majiko ya umeme, nguvu inashuka mpaka taa zinafifia, kisha delestaji, umeme kukatwa kwa zamu. Maelekezo mengi ya seva za nyumbani yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, ndiyo maana hueleza kwa kirefu namna ya kusakinisha na kugusia kidogo tu namna mashine itakavyoamka.

Hapo ndipo ningeipima mashine kabla ya kuisifu: chomoa waya wa umeme ikiwa inafanya kazi, urudishe, ukae mbali. Je, inarudi yenyewe? Kwenye BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta, kuna mipangilio miwili ya kugusa: iwake umeme unaporudi, na isisimame kwa kukosa kibodi. Lakini kompyuta kuukuu mara nyingi betri yake ndogo ya CR2032, ile ya mviringo kwenye bodi, imeshakufa. Umeme ukikatika, BIOS inasahau mipangilio yote, saa inarudi miaka ya nyuma, na mashine inasimama ikiomba ubonyeze F1. Inaomba kwenye skrini ambayo haipo. Nyumba nzima itasema seva imeharibika, kumbe inangoja kidole. Betri hiyo ni ya bei rahisi. Ibadilishe kabla ya kitu kingine chochote.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mfumo wa faili wa ext4, unaotumika sana kwenye Linux, una kumbukumbu ya mabadiliko ya kuuwezesha kujirekebisha. Unaokoa mpangilio wa diski. Faili uliyokuwa unainakili sekunde hiyo haiahidiwi chochote.

Kwa sababu hizi laptopu iliyopasuka kioo ina thamani kuliko mnara mzima, yaani kompyuta ya mezani. Ina betri yake, chaja yake kwa kawaida hukubali volti 100 hadi 240, hivyo jioni za umeme dhaifu haziisumbui, na siku ya kuhama kwa haraka, jambo ambalo watu wa mji huu hawahitaji kuelezwa, inaingia begini. Iambie tu Linux isilale kifuniko kikifungwa. Na betri kuukuu ikaguliwe: ikianza kuvimba, itolewe siku hiyo hiyo.

Wanaolipinga pendekezo hili wana neno lao, nami naliunga mkono: seva si nakala ya akiba. Mtoto akifuta folda, imefutika kwa wote. Moto ukipita, kama unavyopita mara kwa mara mtaa wa Kadutu kwenye nyumba za mbao zilizobanana, diski ya seva na ya akiba zilizo nyumba hiyo zinaenda pamoja. Nakala nyingine ikae kwa ndugu, Bagira au kwingineko, kwenye diski ya USB.

Kisha kuna suala la mtu. Mashine isiyo na skrini huendeshwa kwa SSH, njia ya kuiamrisha kwa maandishi kutoka kompyuta nyingine, na kwa kawaida nyumbani anayeijua ni mmoja. Akisafiri kwenda Uvira, mama akitaka picha za matanga, nani atafungua? Namba ya mashine kwenye mtandao wa nyumba (anwani ya IP) na neno la siri viandikwe kwenye daftari analolijua mama.

Wala seva ya nyumbani haihitaji kuwaka usiku kucha. Mwenye sekretaria ya kompyuta nne na jenereta inayowashwa kila asubuhi anaweza kutumia hata mnara wa wati 60: auwashe pamoja na nyingine, auzime jioni kwa amri, si kwa kuchomoa waya. Mwenye mnara tu, katika nyumba ya umeme wa saa chache, ningemshauri atoe diski, ainunulie kasha la USB, na bati lililobaki amuuzie fundi.