Anayeililia Ngamiani analilia nini?

Ukikaa barazani Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, baada ya alasiri, hukosi kumsikia mzee akisema, "Tanga ilikuwa Tanga, bwana." Na siku hizi hakosekani kijana wa kumjibu: "Babu, hiyo Tanga yenu mmeikuza tu. Mlikuwa vijana, ndiyo maana kila kitu kilikuwa kitamu." Nimezaliwa na kukulia katika mitaa hii ya namba, kuanzia Barabara ya 1 hadi ya 21, na ubishi huo nimeusikiliza pande zote mbili. Kijana ana hoja. Ila mzee anaeleweka vibaya, na hilo linaniuma.

Hoja ya kijana nzito. Mitaa hii iliyonyooka ilipimwa na wakoloni ili Mwafrika akae upande wake wa reli, na Raskazoni, mtaa wa ufukweni, na upepo wa bahari vibaki kwa wengine. Mji ulilishwa na mkonge, na mkonge ulikatwa na manamba, watu waliosombwa kutoka mbali, wengine hadi Ruanda-Urundi, wakaitwa kwa namba na kulazwa kwenye kambi za mashamba. Aliyecheza dansi mjini Jumamosi alikuwa akila jasho la mtu ambaye viganja vyake vimechanwa na miiba. Wazee wetu hawalisimulii hili, na wanakosea.

Lakini msikilize mzee anakumbuka nini kwanza. Nikiwatajia wazee bendi za Jamhuri Jazz na Atomic, au timu yetu ya soka, Coastal Union, ilivyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, hutabasamu, kisha hurudi kwenye jambo moja: mwisho wa mwezi. Babu yangu alikuwa mpanga marobota kwenye bohari la mkonge bandarini. Bibi alikuwa na daftari la mkopo, jalada lake limelainika kwa mafuta ya taa, kona zimejikunja. Mchele kilo mbili, sabuni mche mmoja, sukari robo. Siku ya mshahara alijifunga leso akalipeleka dukani, mwenye duka akapiga mstari mwekundu ukurasa mzima, wakafungua ukurasa mpya. Mstari ule ndio uliotuweka barazani jioni tukicheza bao. Mtu aliyejua tarehe 30 ataingiza kitu alikuwa na nafasi ya kukaa na jirani, kumkopesha, kumtembelea akiugua. Ujirani ule tunaousifia leo kama tabia njema ya watu wa zamani ulikuwa na mshahara nyuma yake.

Sasa tazama takwimu moja ambayo mimi sijaweza kuizoea. Mwaka 1964 Tanganyika, mwaka ule ule ilipoungana na Zanzibar na kuwa Tanzania, ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Watu huitaja hesabu hii harakaharaka kama habari ya kilimo. Lakini katika jani la mkonge singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo tani zile 230,000 zilitaka zaidi ya tani milioni 5 za majani, yakatwe kwa kisu jani mojamoja, yafungwe, yabebwe, yapitishwe kwenye korona, mashine ya kukwangua majani, singa zianikwe, zipigwe brashi, zifungwe marobota, zipande treni, zishushwe bandarini, zipakiwe kwenye matishari, mashua bapa za mizigo, hadi melini. Hebu hesabu mikono iliyopita hapo. Kisha ondoa tisa katika kila kumi. Mikono hiyo ilikuwa na nyumba Ngamiani, na nyumba hizo zilikuwa na madaftari.

Na ndiyo sababu sikubali wanaposema wazee wanautamani ukoloni. Kilele kile kilikuja baada ya Uhuru, vyama vya wafanyakazi vikiwa vimeshapigania mishahara kwa migomo. Wanachokililia ni miaka michache ambayo Mwafrika alianza kuuonja mji alioujenga. Kamba za plastiki ziliangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa na kusimamiwa ovyo, viwanda vikafungwa kimoja kimoja, kile cha mbolea kikiwamo. Vijana wakapanda basi kwenda Dar es Salaam. Nyumba zikabaki na wazee, bati likiliwa na chumvi ya bahari.

Wapo wanaosema Tanga inarudi. Bandari imechimbwa kina, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kungoja matishari, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Nafurahi kwa dhati. Ila bomba hutaka mikono mingi linapojengwa na michache likishaanza kazi, na mashine za gatini hazina daftari dukani. Tukipima kurudi kwa mji kwa tani zinazopita bandarini, Ngamiani inaweza kuachwa ilivyo huku ripoti zikipendeza. Swali ambalo mzee analiuliza kwa lugha ya kumbukumbu ni nani katika Barabara ya 9 atapata mshahara tarehe 30.

Baraza la bibi limevunjwa. Warithi wamelijengea fremu mbili, moja ya miamala ya simu, moja ya vipodozi, na kodi yake ndiyo inayomlisha shangazi anayeishi chumba cha uani. Siwezi kuwalaumu. Kati ya fremu hizo kimebaki kipande cha saruji nyekundu kisichozidi hatua mbili, na alasiri shangazi hutandika mkeka hapo, huegemea ukuta, na kumwita kila apitaye kwa jina la baba yake.