J.J. Johnson: Hollywood ilimnyanyua au ilitunyima?

Wapenda tromboni, ile ala ya shaba ya kupuliza, wakikutana jina la J.J. Johnson, mpiga tromboni wa jazz wa Marekani, halikosi, na likitajwa tu watu wanagawanyika. Upande mmoja wanasema jamaa alikuwa mpigaji namba moja halafu akakitupa kipaji akaenda kuandika muziki wa filamu, upande wa pili wanasema yule toka mwanzo alikuwa mtunzi, tromboni ilikuwa chombo tu cha kumfikisha alikokuwa anaelekea. Mi naona wote wanakosea sehemu moja, wanachanganya utunzi na Hollywood kama vile ni kitu kimoja.

Kwanza upigaji wenyewe. Tromboni ya kawaida haina vitufe kama tarumbeta, ina bomba la kuvuta lenye nafasi saba na hakuna alama yoyote pale, mkono na sikio ndo vinajua. Ndo maana miaka ya 1940 bebop, jazz mpya ya kasi, ilipoingia na zile spidi za mpiga saksofoni Charlie Parker na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie ilionekana tromboni itabaki nyuma. Johnson, mzaliwa wa Indianapolis 1924, ambaye alishapitia bendi ya Benny Carter na ya Count Basie, akapunguza mbwembwe zote, ile mivuto mirefu ya sauti, minguruno, mitetemo, akabaki na noti safi zilizokatwa kila moja mahali pake, mpaka watu wakawa wanadhani anapiga tromboni ya vitufe. Wapo wanaosema hapo aliinyang'anya tromboni sauti yake, na ukimsikiliza Tricky Sam Nanton kwenye bendi ya Duke Ellington anavyoifanya iongee kama binadamu unaelewa kabisa wanalalamikia nini. Ila sikiliza solo za Johnson taratibu, zina mwanzo, zina wazo linalorudi limegeuzwa, zina mahali zinapofika, yaani mtunzi alikuwa ndani ya mpigaji muda wote.

Kwa hiyo alipoandika Poem for Brass mwaka 1956 hakuwa amehama njia. Jamaa alikuwa anawapenda sana Hindemith na Stravinsky, watunzi wa klasiki, na kazi hiyo ni ya ala za shaba peke yake pamoja na midundo, Gunther Schuller ndo aliongoza, huyo huyo ambaye mwaka uliofuata aliupa mchanganyiko wa jazz na klasiki jina la mkondo wa tatu. Halafu 1961 ikaja Perceptions, sehemu sita alizomwandikia Dizzy, tarumbeta yake mbele ya ukuta wa ala za shaba na vinubi. Wakosoaji wa mkondo wa tatu wanasema ulikuwa si jazz si klasiki, mgumu, umevaa suti. Kuna kazi za wakati ule zinastahili maneno hayo kweli, ila sio hizi. Kwenye orkestra tromboni imezoea kungoja, Beethoven kwenye simfoni ya tano ya 1808 anazikalisha sehemu tatu nzima ndo zinaingia mwishoni, na Johnson akaziweka shaba katikati ya kila kitu, zibebe wimbo, zibishane, zinong'one. Mi nazihesabu sawa na rekodi zake bora za kupiga.

Hollywood ndo kesi nyingine. 1970 akahamia California na kwa karibu miaka 17 kazi kubwa ikawa filamu na tamthilia za televisheni, Across 110th Street ya 1972, Cleopatra Jones ya 1973, vipindi vya Starsky and Hutch. Kabla ya kumlaumu, mtu akumbuke kwamba kati ya 1952 na 1954, tayari ana jina, alikuwa anakagua michoro ya kiufundi kwenye kampuni ya Sperry kwa sababu jazz haikuwa inalisha nyumba, sasa mwaka 1970 roki imeshachukua masikio ya vijana na Quincy Jones, mtu wa jazz mwenzake, ameshatoboa huko kwenye filamu, ungemwambia nini mtu mwenye familia? Na kwa mtunzi mweusi kupata orkestra nzima ya kuandikia wakati ule haikuwa kitu kidogo.

Hayo nayakubali yote na bado naona hasara ilikuwa kubwa kuliko faida. Muziki wa filamu unakatwa kwa sekunde, unafuata gari linavyokimbia, nafasi ya kulikuza wazo kama kwenye Perceptions hupati. Hata Across 110th Street watu wanamkumbuka mwimbaji Bobby Womack kwa wimbo wenye jina la filamu, Johnson aliyeandika muziki unaosikika chini ya matukio hatajwi. Lawama yangu hata hivyo haiendi kwake, inaenda kwa maorkestra na kampuni za rekodi zilizosikia alichofanya 1956 na 1961 zikashindwa kumpa sababu ya kuendelea.

Wanaomtetea wanapenda kutaja 1988, alivyopiga kwenye klabu ya Village Vanguard pale New York baada ya kurudi jukwaani na rekodi mbili zikatoka humo, Quintergy na Standards, wanasema unaona, hakupoteza chochote. Mi nazisikia tofauti. Ni nzuri mno, sentensi zake za muziki zimekuwa fupi na kila kitu kimepimwa, na ndo maana zinauma, mtu ana miaka 64 anapiga hivi halafu kabla miaka ya 1990 haijaisha anastaafu. 1996 akarekodi na orkestra yake ya ala za shaba, akairudia ile ndoto ya Poem for Brass miaka 40 baadaye. Alipofariki 2001, hiyo njia alikuwa ndo kwanza ameirudia.