Ukitoka kazini, toka na karatasi yako

Kuna njia ya kumharibia mtu kazi ambayo haihitaji uongo hata mmoja. Unapigiwa simu, unaulizwa, "Fulani alifanya kazi kwako, ni mtu wa aina gani?" na wewe unanyamaza kidogo, unavuta pumzi, halafu unasema, "Aaah, huyo... nyinyi mchukueni tu, mtajionea wenyewe." Basi. Umemaliza. Hujasema ameiba, hujasema ni mlevi, lakini yule aliyekupigia ameshaweka simu chini na CV ya huyo mtu ameshaisukuma pembeni.

Mimi nilifanyiwa hivyo karibu mwaka mzima bila kujua.

Nilikuwa deklaranti kwenye kampuni ya kuklia mizigo hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Kwa asiyejua, deklaranti ndo anayekaa kwenye kompyuta kuingiza makaratasi ya mzigo kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ili lori lipite, ukikosea tarakimu moja dereva analala mpakani siku mbili na mwenye mzigo anakupigia simu usiku. Niliifanya miaka 4 na niliipenda. Nilitoka manake kila mwezi nilikatwa ile 5% ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, kwenye mshahara lakini nikiangalia kwenye simu, kwenye app yao ya NSSFGo, naona miezi mingine imeingia na mingine hakuna kitu kabisa, si 5% yangu wala 10% ya mwajiri. Nikauliza mara ya kwanza kwa adabu, nikauliza ya pili, ya tatu mzee, yaani bosi wangu, akaniambia mbele ya watu kama nimechoka mlango uko wazi. Nikaandika notisi ya mwezi mmoja, nikaitumikia yote, nikakabidhi faili zote, nikatoka. Hatukupigana, sikumtukana. Nilidhani imeisha hapo.

Sasa kazi za mpakani zinajuana. Busia, Malaba, Mutukula, Elegu, watu ni walewale, leo yuko hapa kesho kule, na kila kampuni inataka majina matatu ya watu wa kukushuhudia na moja lazima liwe la bosi wako wa mwisho. Nikaomba Malaba, nikafanya intavyu vizuri, wakaniambia nisubiri simu wiki hiyo. Kimya. Nikaomba kampuni nyingine Kampala karibu na Nakawa, hao mpaka mshahara tulishaongea, halafu kimya. Ya tatu pia kimya. Ikafika mahali nikaanza kujichunguza mwenyewe, labda naongea sana, labda navaa vibaya, nikawa nalala vibaya, na mama ananiuliza kila jioni, "Bado tu, mwanangu?" na sina cha kumjibu.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa ofisi ya Malaba, Mungu ambariki, alikutana nami stendi ya taksi akanivuta pembeni. "Dada, mimi sikutakiwa kukuambia, lakini yule mzee wako tulipompigia hakukusema vizuri. Hakusema jambo lolote haswa, lakini alivyoongea bosi wetu aliogopa."

Usiku ule nilitaka kwenda mpaka nyumbani kwake. Nashukuru sikwenda. Jambo la kwanza ninalotaka kukuambia ndugu yangu uliye kwenye hali hii, hakikisha kwanza. Njaa na hasira vikikutana kila anayekujua unamwona adui. Pengine aliyepokea simu si bosi, ni mhasibu mpya asiyekujua, pengine amekuchanganya na mtu mwingine, pengine kazi hukupata manake walikuwa na mtu wao tangu mwanzo. Mimi nilirudi kwa yule dada nikamwomba anieleze vizuri nani alipokea, aliulizwa nini, akajibu nini, kwa maneno yaleyale. Akanieleza. Nikaandika kwenye daftari na tarehe. Wapo wanaosema mwambie rafiki apige simu ajifanye mwajiri na arekodi, mimi sikufanya hivyo na sikushauri, ukigundulika wewe ndo unakuwa mtu wa hila na mzee anapata cha kusema kwa kweli.

Sasa shida ya ile pumzi ni kwamba huwezi kuishtaki. Angesema nimekula pesa ya mteja, hilo ni neno, linaweza kuulizwa ushahidi. Hata hapo si rahisi, manake mahakama zinamlinda mtu anayetoa maoni ya kweli kwa mwajiri mwenzake aliyemuuliza, mpaka uonyeshe alikuwa na nia mbaya, na wakili wa kuonyesha hiyo nia halipwi kwa maneno. Lakini pumzi? Utampelekea jaji pumzi? Ndo maana nikaelewa kwamba kupambana na anachosema kwenye simu ni kukimbiza upepo, nilichohitaji ni kitu kinachoweza kuwekwa mezani.

Na hicho kitu kipo kwenye sheria yetu tangu 2006, tatizo hatukiombi. Sheria ya ajira ya Uganda inasema mfanyakazi akimaliza kazi na akaomba, mwajiri lazima ampe cheti cha utumishi. Soma tena hapo, lazima. Kinaandikwa jina la mwajiri na shughuli yake, jina lako, umefanya kazi muda gani, kwa cheo gani, mshahara ulikuwa kiasi gani, na ukitaka mwenyewe kinaandikwa na sababu ya kuondoka. Haiulizwi kama alikupenda. Haiulizwi kama mliachana vizuri. Kumbe sisi tunatoka kazini na begi na picha za sherehe ya mwisho wa mwaka, tunaona kuomba karatasi ni kama kuomba msamaha au ni kumchokoza bosi. Si fadhila ile. Ni chako kama mshahara ulivyo wako.

Mimi nilishachelewa, ilikuwa imepita miezi kumi. Nikaandika barua fupi, kurasa moja, bila lawama, naomba cheti changu cha utumishi, nilianza tarehe hii nikaacha tarehe hii. Nikatoa nakala mbili. Tena sikwenda peke yangu, nilimwomba mzee mmoja wa mtaa wetu pale Sofia ambaye anaheshimika na pande zote anisindikize, na hilo naliona lilisaidia kuliko hasira yangu yote. Tulimkuta bosi ofisini. Yule mzee wa mtaa akaanza na salamu, habari za nyumbani, habari za malori, halafu akasema, "Huyu binti yetu amekuja kuomba karatasi yake tu, hana neno jingine." Bosi akasema atatafuta muda. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo tena, naomba basi sekretari anigongee muhuri kwenye nakala yangu kwamba mmepokea." Aliniangalia vibaya lakini mbele ya yule mzee angekataa vipi. Muhuri ukagongwa, na tarehe.

Wiki tatu, hakuna kitu. Ndo nikaenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya na nakala yangu yenye muhuri. Sitakudanganya kwamba ni rahisi, siku ya kwanza sikumkuta, ya pili yuko kwenye mkutano, ya tatu nilikaa kwenye benchi kutoka asubuhi. Maofisa hawa ni wachache na kazi ni nyingi, na mtu asiye na kazi kila nauli ya boda inauma. Ila alipoiona ile nakala alibadilika, manake mimi sikuja na hadithi, nilikuja na tarehe. Akauliza kitu kingine, una uthibitisho gani ulifanya kazi pale? Nikafungua simu nikamwonyesha taarifa yangu ya NSSF. Ile miezi aliyolipa mzee ina jina la kampuni yake. Yaani kitu kilekile kilichonitoa kazini ndo kilichonishuhudia. Tangu 2022 kila mwajiri anatakiwa kuandikisha wafanyakazi wake NSSF hata kama ana mmoja tu, kwa hiyo mfanyakazi yeyote anayesoma hapa, toa hiyo taarifa yako leo uihifadhi, hata kama kazini kuna amani.

Ofisa akamwita bosi. Kule ndani mzee akajaribu, akasema huyu dada aliondoka na matatizo. Ofisa akamuuliza, matatizo gani, ulimwandikia barua? Ulimwita kwenye kikao ajitetee? Akakosa jibu. Na hapa ndipo moyo wangu unapouma kwa niaba ya wengi. Sheria inataka ukitaka kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na aruhusiwe kuja na mtu wake wa kukaa naye. Hicho ndo chumba cha kusema makosa yangu, mimi nikiwemo. Kama sikuitwa chumba hicho nikiwa mfanyakazi wako, unawezaje kufungua kesi kwa simu mimi nikiwa nimeshaondoka, kesi isiyo na mtuhumiwa ndani?

Siwachukii waajiri. Najua mpakani hapa mtu amewahi kutoroka na pesa ya ushuru ya mteja na bosi akabaki kulipa, na mwajiri wa namna hiyo akiulizwa aseme kweli, tena nitamshangaa akificha na mwenzake naye akaibiwa. Lakini aseme jambo, aseme lini, aseme alichukua hatua gani. Kumhukumu mtu kwa guno tu ni kumfunga mdomo yeye na watoto anaowalisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na jina la mfanyakazi mdogo likimwagika kwenye grupu za WhatsApp za maajenti ni hivyohivyo, bosi ana malori yake, mimi nina jina tu.

Kuna lingine nisilisahau. Wengi wanaachia waajiri vyeti vyao vya asili. Mwenzangu mmoja cheti chake cha EACFFPC, kile cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha watu wa forodha ambacho bila hicho deklaranti hasongi, kilikaa kwenye droo ya bosi miezi sita baada ya kuondoka, kila akienda anaambiwa mwenye ufunguo hayupo. Ukiajiriwa peleka nakala, onyesha cha asili wakione, rudi nacho nyumbani. Akikuambia lazima kikae kwake hapo anza kujiuliza anapanga kukushika kwa nini. Na kama umefukuzwa, si kuacha mwenyewe kama mimi, usikae unangoja hasira ipoe, una miezi 3 tu ya kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi, ikipita unaanza kubembeleza.

Cheti nilikipata. Nusu ukurasa, kimegongwa muhuri, kimesainiwa, miaka 4, deklaranti, nimeacha mwenyewe kwa notisi. Hakuna sifa hata moja ndani yake na sikuzihitaji.

Nilipokwenda intavyu iliyofuata sikungoja waulize. Nilimwambia yule mama meneja mwanzoni kabisa, "Bosi wangu wa zamani hatukuachana kwa furaha, tulitofautiana juu ya NSSF, mkimpigia pengine hatanisifu, lakini cheti changu ni hiki, taarifa yangu ya NSSF ni hii, na hapa kuna namba ya supavaiza niliyefanya naye kila siku, na hawa wawili ni wateja niliowaklia mizigo." Nilisema kwa sauti ya kawaida, sikuongeza chumvi, sikumsema mzee vibaya zaidi ya hapo manake meneja naye ni mwajiri, ukimchafua mwenzake sana anajiuliza siku moja utasema nini juu yake.

Walimpigia simu. Yule mama aliniambia mwenyewe baadaye. Alipomuuliza habari zangu mzee alivuta pumzi ileile, akasema, "Aaah, huyo..." Mama akamwambia, "Mzee, cheti ulichomsainia ninacho hapa mezani, kuna kitu unataka kuongeza?" Upande wa pili kukawa kimya, halafu akasema hapana.

Jumatatu nikaanza kazi.