Insha Yangu Ilivyosahihishwa na Mawese

Ukisoma chuo kikubwa unaweza kupata sapu, yaani mtihani wa marudio, ukafa nayo kimya kimya. Chuo chetu hapa Tabora ni kidogo: aliyeniambia mshauri wa masomo ananitafuta ni mpishi wa kantini. Na somo lenyewe alilijua.

Mshauri mwenyewe, Madamu, alishaagiza: insha ya reli ya kati, Ijumaa saa nne kamili, tuipitie mstari kwa mstari. Msaada wa namna hiyo huukimbii. Insha ilikuwa tayari, nimeiprinti stesheneri. Balaa ni kwamba asubuhi hiyohiyo treni ya Kigoma ilileta mzigo wa mama: migebuka mikavu na dumu la mawese, mfuniko umefungwa kwa nailoni na maombi. Nikapitia stesheni, nikasukumiza vyote kwenye begi, nikarukia bodaboda. Mawese yakipata baridi huganda, ila Oktoba ya Tabora haina habari hizo.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba. Leta."

Akavaa miwani. Ukurasa mwekundu juu hadi chini.

"Hii nani ameshaisahihisha?" Akainusa. "Tena huku anakula?"

Karatasi ikilowa mafuta inakuwa kioo. Ukurasa wa pili ulikuwa unachungulia ndani ya wa kwanza. Akasoma kwa sauti, mbele na nyuma kwa pamoja: "Mwaka 1912 reli ilifika Tabora ikiwa imebebwa kichwani na wapagazi wa Kinyamwezi." Akanitazama juu ya miwani. "Endelea kunifundisha."

Nikaanza kujitetea: zilizobebwa kichwani ni pembe za ndovu, kwenda Bagamoyo, reli waliileta Wajerumani baadaye, ikafika Kigoma 1914. Jasho linatiririka, sina karatasi, na paka wa ofisi kashazamisha kichwa begini, ana mazungumzo na mgebuka.

"Kumbe unaijua! Mbona humu hujaandika hata nusu yake?" Akanipa hadi Jumatatu niandike hivyohivyo nilivyoongea.

Sekretari akaitwa alete kitambaa. Akaja na chupa tupu ya maji. "Halijamwagika lote," akasema, "tusilitupe." Madamu akajifanya hajaona, kisha akatoa na yake kwenye droo.

Jumatatu nikapeleka nakala mpya, nyeupe pe. Akaigeuzageuza, akainusa kidogo.

"Hii imekaa sawa. Mama anatuma tena lini?"