Doria isiyo na wanawake hurudi na habari nusu

Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi ya waasi yalivamia vijiji 13 kando ya barabara ya Kibua na Mpofi, eneo la Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha kuwa watu wasiopungua 387 walibakwa, wengi wao wanawake na wasichana, wakiwamo pia wanaume na wavulana. Walinda amani wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, walikuwa na kambi Kibua, kilomita 30 hivi kutoka Luvungi, kimojawapo cha vijiji hivyo. Doria yao ilipita Luvungi tarehe 2 Agosti, na hakuna mwanakijiji aliyewatajia ubakaji. Ujumbe huo ulieleza baadaye kwamba ulizipata habari hizo tarehe 12 Agosti, kupitia shirika la matibabu.

Siku kumi hizo ndizo zinazopaswa kutangulia katika mjadala wa idadi ya wanawake kwenye vikosi vya kulinda amani. Dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina saa 120. Msaada wowote uliosubiri taarifa ya tarehe 12 ulikuwa umechelewa kwa yote mawili.

Wengi huuchukulia mjadala huu kama suala la usawa wa ajira, kisha huuchoka. Mkakati wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2018 unataka wanawake wafike asilimia 15 ya wanajeshi wa vikosi ifikapo 2028. Mwaka 2020, katika walinda amani wapatao 95,000, walikuwa asilimia 4.8 ya wanajeshi hao. Mtu akisoma takwimu hizo huona mchezo wa asilimia wa New York. Tuzishushe hadi kambini.

Chukua batalioni ya askari 850. Asilimia 4.8 ni wanawake 41. Igawe kwenye kombania nne zilizotawanyika, kila moja inapata kumi. Ondoa wauguzi, makarani, mafundi wa mawasiliano na walio likizo: wanaobaki kwa doria hawafiki watano. Doria haiwezi kumtoa mwanamke mmoja peke yake, kwa sababu anayezungumza na manusura anahitaji mwenzake wa kuandika na kumlinda. Kwa hiyo kombania hiyo ina jozi moja, pengine mbili. Mmoja akishikwa na malaria, jozi imevunjika, na doria inaondoka na wanaume pekee, na inaweza kurudi bila habari kama ile ya Luvungi. Asilimia 15 ni askari 127, yaani takriban 30 kwa kombania. Hapo ndipo zamu inawezekana, na kila doria ya mbali inapata watu wake.

Jozi hiyo inafanya nini? Gari linapoingia kijijini, wanaolipokea ni chifu na wazee wa kiume. Wanajibu maswali ya usalama kadiri wanavyoyaona: njia gani imefungwa, ng'ombe wangapi wamechukuliwa. Wakati huohuo akina mama wako kisimani, shambani au njiani kuelekea sokoni, na wao ndio wanaojua ni shamba gani halilimwi tena kwa hofu na binti wa nani hajatoka ndani tangu juzi. Askari wa kike akienda kisimani mara tatu bila kuuliza neno la ubakaji, mara ya nne huenda akaambiwa. Habari hizo huokoa uhai, na baadaye huwa ushahidi. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi mojawapo lililohusika Walikale, alihukumiwa kifungo cha maisha mjini Goma mwezi Novemba 2020, na hukumu hiyo ilitegemea watu waliokubali kusema.

Makamanda wenye shaka wana hoja. Wanawake kwenye doria ya siku kadhaa wanahitaji hema lao na choo chao, na baadhi ya vikosi huwakataza kulala nje ya kambi. Doria yenye masharti hayo hurudi kabla ya jua kuzama, ilhali mashambulizi mengi huja usiku. Ni kweli, lakini katazo hilo limewekwa na makao makuu, na makao makuu yanaweza kuliondoa. Hata polisi na waangalizi wa kijeshi hukwama mapema: lazima wafaulu mtihani wa kuendesha gari, na mwanamke aliyewekwa ofisini tangu aajiriwe huanguka hapo, hata kama lugha anaimudu vizuri.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa wanaharakati wanawake, wakiwamo wa Kongo. Azimio 1325 la Baraza la Usalama, la 31 Oktoba 2000, lilidai nafasi ya wanawake kwenye mazungumzo ya amani na kuzuia vita, na kuhesabu wanaovaa magwanda ni njia rahisi ya kukwepa dai hilo. Pia wanakumbuka mji wa Bunia, Kongo, mwaka 2004, walinda amani wenyewe walipotuhumiwa kuwadhulumu wasichana kingono. Kusema kwamba wanaume watajirekebisha wanawake wakiongezeka ni kumtwisha askari wa kike kazi ya kamanda wake. Hapo wako sahihi kabisa. Nidhamu ya kikosi ni jukumu la anayekiongoza.

Wala idadi peke yake haitoshi. Watanzania waliokwenda Kongo na brigedi iliyoundwa kwa Azimio 2098 la Baraza hilo la mwaka 2013 wana faida ambayo vikosi vingi havina, yaani Kiswahili. Lakini Kiswahili huko ni lugha ya barabarani na sokoni zaidi, na bibi kizee wa kijijini Beni anaweza kuwa na Kinande pekee. Mkalimani akiwa kijana wa kiume wa ukoo wa jirani, mama yule hatasema kitu, hata anayemuuliza awe mwanamke. Makisio ya bajeti yenye askari wa kike na yasiyo na wakalimani wa kike yameishia katikati ya njia.

MONUSCO iliikabidhi kambi ya Kamanyola kwa polisi wa Kongo mwezi Februari 2024, na kufikia Juni ilikuwa imeondoka Kivu Kusini. Kwa kila kituo kilichokabidhiwa, wafadhili na serikali waulize mambo mawili. Ni polisi wa kike wangapi wanalala pale na kutoka kwenda vijijini? Na taarifa ya ubakaji ya mwisho ilichukua saa ngapi kufika kwenye zahanati?