Kumeza Dawa si Kukosa Imani

Kwenye maombi ya kina mama hapa kwetu Dodoma hakosekani wa kusimama na kusema mwenye imani haugui. Anasema kwa upendo, na mara nyingi ndiye huyo huyo wa kwanza kukuletea uji ukilazwa. Lakini kwa mwanamke anayeugua ugonjwa usioonekana, maneno hayo yanaumiza, na sioni Biblia ikiyaunga mkono.

Mtazame Trofimo. Mtume Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa kule Efeso wakapona, anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo amemwacha Mileto, mgonjwa. Basi. Hakuna neno kwamba jamaa alipungukiwa imani. Na Timotheo mwenyewe, aliyekuwa akiuguaugua, alipewa ushauri wa tumbo lake, hakukaripiwa. Ninayempenda zaidi ni Elia. Alipochoka akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Jirani yangu Mwislamu hunikumbusha Nabii Ayubu, nami humwambia huyo ni wetu sote.

Mimi nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Asubuhi vidole vimekaza, kufungua kifuniko cha chupa ya maji ni shughuli, na hulegea jua likishapanda. Ukinikuta saa sita mchana soko la Majengo nachagua nyanya, utaapa kwamba sina ninachougua. Ugali wa uwele nimewaachia wanangu wasonge, maana mwiko unanishinda. Watu husema ni ugonjwa wa bibi zetu, au nimeupata kwa kuoga maji ya baridi Juni na Julai, upepo wa hapa unapokata mifupa. Baridi inaweza kuzidisha maumivu, lakini siyo chanzo. Ugonjwa huu unawapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na huweza kumwanza binti bado yuko chuoni. Wenye lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili kujishambulia, nao wana yao: jua hili letu la Dodoma, ambalo wengine wanaanikia mlenda, wao linawaamshia ugonjwa.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu ameambiwa atupe vidonge kwa kuwa ameshaombewa. Baridi yabisi isiyotibiwa inakula viungo kimyakimya, na kiungo kilichoharibika hakirudi kilivyokuwa. Aombewe, sana tu, na kliniki aende.

Dawa yangu mimi ni ya mara moja kwa wiki. Nilikuwa naimeza Jumamosi usiku, Jumapili naamka na kichefuchefu, kanisani siendi, na maneno yakaanza kwamba nimerudi nyuma kiroho. Nilipomweleza daktari, akanihamishia Jumanne. Dada yangu, mambo madogo kama haya yaseme kliniki. Sema pia kama unatarajia kubeba mimba, maana baadhi ya dawa hizi hazifai kabisa kwa mjamzito na hubadilishwa mapema. Na siku ambayo sala yako yote ni "Bwana, nimechoka", usiione ndogo. Elia naye aliomba hivyo hivyo.

Halafu kuna misiba. Mwanamke wa hapa hupimwa msibani: nani kafika alfajiri, nani kamenya vitunguu, nani kalala mkekani na wafiwa. Anayefika saa nne akaketi kwenye kiti, mikono mapajani, anajadiliwa hata kaburi halijachimbwa. "Anajidai. Tangu apate kazi kule Mtumba kwenye ofisi za serikali, anatuona si lolote." Ugonjwa wako usimweleze kila mtu. Watakuchosha kwa dawa za majani. Waeleze wawili watatu wanaotunza siri, na mmoja awe yule anayegawa kazi.

Nanyi wenye mikono mizima, msituache tukae tu tunahurumiwa. Kazi za kukaa zipo. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alinikabidhi daftari la rambirambi, hakuniuliza ninaumwa nini, akataka tu hesabu itimie. Inatimia, na sasa wanaochelewa kutoa michango yao wananikimbia.