Mtego wa sungura uache dukani

Miche ikianza kuchipua tu, malalamiko huanza: sungura wa porini wamehamia uani, maharagwe yamekatwa, maua yamebaki vijiti. Ushauri unaotolewa haraka ni kununua mtego wa kizimba, umnase akiwa mzima, ukamwachie mbali. Watu wanauita huruma. Mimi siukubali.

Sungura wa porini ana woga uliopitiliza. Akinaswa hupaparika hadi ajiumize, na wengine hufa kwa mshtuko tu. Anayesalimika anatupwa asikojua pa kujificha, mwewe wamuone kabla hajawaona. Kama ni jike aliyezaa, vitoto vimebaki uani kwako vikifa njaa. Sehemu nyingi sheria nayo inakataza kuhamisha wanyamapori bila kibali, kwani huhama na magonjwa yao. Na maadamu chakula na maficho bado vipo, mwingine atakuja.

Kinachosaidia ni uzio, kitu kisicho na mbwembwe. Chukua waya wa kuku wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, kimo sentimita 60 hadi 90, na ukingo wa chini uufukie sentimita 15 au uukunje kuelekea nje. Huo ukingo ndio wengi wanaoupuuza, ilhali sungura hufukua pale pale uzio unapogusana na ardhi. Kuzungushia uani kote kwa nini? Zungushia kitalu cha mboga, vika mashina ya miti michanga, nyasi za pembeni muachie ale. Fyeka vichaka na ondoa marundo ya matawi. Dawa za harufu na pilipili zina msaada wake, ila mvua ikinyesha huna budi kuzipaka upya. Naftalini usiimwage bustanini kabisa. Ni sumu, na atakayeiokota huenda akawa mtoto.

Halafu hakikisha mharibifu ni yeye. Kijitawi kilichokatwa mshazari, safi kama kwa kisu, ni kazi ya meno yake. Kilichochanwachanwa ni cha mnyama mwingine.

Kabla ya kukata nyasi, kagua. Baadhi ya jamii za sungura hazichimbi mashimo marefu. Huzalia kwenye kishimo kifupi nyasini, kilichofunikwa kwa majani makavu na manyoya ya mama. Mama huja alfajiri na jioni, ananyonyesha dakika chache, anaondoka ili asiwavutie maadui. Mwenye nyumba anaona mchana kutwa hakuna mzazi, anaamua ni yatima, anawabeba ndani. Waache! Ukiwa na shaka, laza nyuzi mbili tatu juu ya kiota. Asubuhi ukizikuta zimesogea, mama alikuja. Kwa sungura hao wa viota vya nyasini, vitoto hutoka baada ya wiki tatu hivi, na hapo ndipo pa kuanza kupima waya.